Mayai Kumi na Moja

Mume wangu Kalunga alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa nne kasoro dakika kumi za asubuhi, nasi tulimzika Jumamosi ya tarehe 22. Watu hunitania kwa kupenda kwangu tarehe. Hawajui kwamba kwa miaka mingi tarakimu ndizo pekee nilizoweza kusoma. Herufi zilinijia ukubwani, na mtihani wa kumaliza sekondari niliufanya Novemba 2014 nikiwa na miaka thelathini na mitano, katika chumba kimoja na vijana waliodhani mimi ndiye msimamizi. Kwa kuwa nilijifunza kuandika kwa taabu, siandiki jambo nisilolijua vizuri. Sura hii ya maisha yangu, ya mwaka 1999, nilikuwa nimekwisha kuiandika miaka michache iliyopita, nikaifunga katika bahasha, nikiamini nimeisema kweli yote. Ninaiandika upya kwa sababu ya swali nililoulizwa siku ya mazishi.

Tulipotoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa, Joubert Park, ambako akina mama walikuwa wamepika bukari, ndiyo ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo, na kuku, na watu wakapanga mstari kunipa mkono. Katikati ya mstari alisimama mwanamume mrefu mwenye mvi, amevaa kofia nyeupe iliyodariziwa. Nilimtambua kwa mabega kabla ya uso. Alikuwa Shomari, mzaliwa wa Tanga, beki wa kushoto wa timu ambayo Kalunga aliidakia mwaka ule. Nilikuwa sijamwona tangu mwaka 2002. Alinipa pole kwa maneno mazuri ya watu wa pwani, akaushika mkono wangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji, hapa si mahali pake, unisamehe. Lakini miaka yote hii nimejiuliza. Ule ufunguo ulikuwa wa nini?"

Nikamuuliza ufunguo upi.

"Ule aliokuwa akiufunga wavuni, nyuma yake, kwa kamba ya kiatu. Kila mechi. Sisi tulidhani ni dawa."

Waliokuwa nyuma yake walikuwa wakingoja. Nikamwomba aje kwangu Randburg Jumapili ya tarehe 30, alasiri, nimweleze habari ya ufunguo. Nilisema hivyo kwa utulivu wa mjane anayetazamwa na watu, lakini tangu pale hadi Jumapili ile sikuwa na utulivu. Ufunguo niliujua; ninao hadi leo. Habari ya wavuni sikuijua.

Niliingia Johannesburg Jumatatu, tarehe 18 Januari 1999, miezi mitano na nusu baada ya vita kuanza kwetu Kongo. Kalunga alikuwa kipa wa timu ya mji wetu, Kalemie, na vita vilipotukatia barabara alitangulia kusini kutafuta timu ya kulipwa. Mimi nikamfuata kwa malori, kupitia Zambia na Zimbabwe. Yeye alikuwa na karatasi ya mkimbizi. Mimi sikuwa na karatasi yoyote. Nilikuwa na miaka ishirini, vitenge viwili, na sufuria moja ambayo mpaka leo nachemshia maji ya chai.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya sita katika jengo la matofali mekundu, ng'ambo ya bustani ya Joubert Park. Kilikuwa na mlango wa mbao, na mbele yake geti la chuma lililotazama kibaraza kirefu cha wazi ambako wapangaji wote walipitia. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la umeme la mabamba mawili ambalo moja lilikuwa limekufa, beseni la bluu, choo kidogo nyuma ya pazia, na kalenda ya bucha yenye picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari. Dirisha lilifunguka nusu tu, kwa kuwa mtu aliyepaka rangi alikuwa ameligandisha. Kutoka pale niliwaona wapiga picha wa bustanini na mbao zao za sampuli, na watu waliovaa vizuri kuja kupigwa picha za kutuma nyumbani. Niliwaona pia wazee wakicheza sataranji kwenye ubao mkubwa uliochorwa chini, wakibeba vipande vyenye urefu wa goti. Mpaka leo nacheza sataranji vizuri, na sijawahi kumwambia mtu kwamba nilijifunza nikiwa ghorofa ya sita, kwa kuwatazama watu utosini.

Alhamisi, tarehe 25 Machi, polisi walipanda jengo letu wakitafuta wasio na karatasi. Walianza chini. Nilisikia milango ikigongwa ghorofa baada ya ghorofa kama mtu anayehesabu, nikaingia chini ya kitanda. Waliwachukua Warundi wawili wa chumba cha pembeni, watu wapole waliokuwa wakituazima chumvi, na hatukuwaona tena. Mlango wangu waliugonga mara mbili, wakaitwa na mwenzao, wakaenda. Kalunga alinikuta chini ya kitanda saa kumi na moja jioni. Kesho yake akanunua kufuli.

Hila ile haikuwa yake peke yake. Jengo zima liliijua. Polisi aliyekuta kufuli nje aliamini chumba hakina mtu, akapita. Kwa hiyo Kalunga alipokwenda mazoezini aliufunga mlango wa mbao, akalirudisha geti, akaliwekea kufuli upande wa nje, akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu cha mpira. Mimi ndani nilipaswa kuwa chumba kisicho na mtu. Nikisikia hatua nisizozijua, sikuwasha jiko, sikufungua bomba, sikukohoa. Nilijifunza kuzitenganisha hatua kwa viatu: ndala, buti, visigino vya Odette fundi cherehani, na miguu ya Mama Furaha iliyoburuta kila alipochoka. Zikiwa ni hatua za nyumbani niliufungua mlango wa mbao, nikakaa chini nyuma ya geti, na ulimwengu ukanijia kupitia nondo.

Mama Furaha alikuwa msusi kutoka Bukavu, mama wa miaka kama hamsini, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alinipitishia nyanya, habari za mjini, na mara nyingine kichwa cha mteja, ili nimshikie nyuzi huku mteja amekaa kibarazani. Aliniita mtoto wangu. Lakini sauti yake haikujua kunong'ona, na siku moja ya Mei, nikiwa nimefunga mlango wa mbao, nilimsikia akimwambia Odette kwamba Kalunga anafuga mke kama kasuku. Odette alijibu kwamba afadhali kasuku, huwa anasikika. Wakacheka. Nami nilikuwa umbali wa hatua mbili, mkono mdomoni, nikilinda ukimya ambao wao wenyewe walinifundisha.

Nilimwomba Kalunga achonge ufunguo wa pili. Alikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, ndiyo maana iliniudhi. "Ukiwa nao utatoka," alisema. "Nakujua, Sifa." Kisha akaniahidi. Timu yake ikimwandikia barua ya kazi, barua itakayotaja jina lake na jina langu kama mke wake, ofisi ya wakimbizi itaniandikisha chini yake, na siku atakayopewa barua hiyo ndiyo siku nitakayopewa ufunguo. Nisimuulize lini. Nikawa simuulizi lini. Nilimuuliza timu imecheza vipi, amedaka mangapi, kocha amesema nini, na yeye alijua kwamba kila swali langu lilikuwa ni lilelile.

Jumatano, tarehe 7 Julai, jiko la mafuta ya taa liliwaka ghorofa ya nne. Ilikuwa saa nane mchana. Moshi ulipanda kwa ngazi ukaingia kibarazani, watu wakaanza kukimbia, nami nikafungua mlango wa mbao nikalishika geti kwa mikono miwili. Mama Furaha alikuwa tayari ameshuka ngazi moja. Akarudi. Alilipiga kufuli kwa kisigino cha kiatu, kisha kwa sufuria, kisha akaacha, akapitisha mkono katikati ya nondo, akanishika kiganja, akasimama. Tulisimama hivyo, kila mmoja upande wake wa chuma, tukikohoa, mpaka wanaume wa chini walipouzima moto kwa mchanga wa ujenzi. Aliponiachia mkono aliniambia niende kuosha uso. Jioni nilimwambia Kalunga kwamba nitafia humu. Alikaa kitandani akiutazama ufunguo kiganjani kama kitu alichokiokota njiani.

Mechi ninayotaka kuisimulia ilichezwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, saa tisa alasiri. Ilikuwa mechi ya kombe, dhidi ya timu mojawapo kubwa sana ya jiji hili, na ingetangazwa redioni. Sitazitaja timu hizo; moja ni kubwa mno kuhitaji kutajwa nami, na ile yetu imekwisha kuuzwa na kufa. Asubuhi ile Kalunga alikuwa na ukimya wa mtu anayebeba kitu kilichojaa. Alinywa chai bila mkate. Mlangoni alisema, "Leo, Sifa," akafunga kufuli. Hakusema leo kuna nini. Nami nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba wakishinda leo barua itatoka.

Kwetu kulikuwa na desturi ya wake za wachezaji. Timu ikicheza, mke hubaki nyumbani na sufuria jikoni, na kila bao linalofungwa na timu ya mumewe hutia yai moja majini. Mchezaji akirudi, hulimenya yai la kwanza na kumpa aliyepika. Yaliyobaki wanakula na majirani. Nilikuwa na mayai sita. Mama Furaha na Odette walileta viti kibarazani, mama akaiweka redio yake sakafuni, nusu kwao nusu kwangu, antena ikipenya kati ya nondo.

Mtangazaji alisema Kizulu. Mimi sikujua Kizulu. Aliyekaa nami ndani siku zote hizo alikuwa ng'ombe wa kalenda, naye hafundishi lugha. Odette alijua Kifaransa na Kiingereza cha nguo. Mama Furaha, hata hivyo, alikuwa akiwasuka Wazulu tangu mwaka 1996, na alituambia tutulie, yeye atatafsiri. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba Kizulu chake kilikuwa Kizulu cha nywele: inamisha kichwa, inauma, bado kidogo, imekwisha.

Dakika ya sita uwanja ulilipuka. Ilikuwa kelele ambayo sijawahi kuisikia redioni, kama bati kubwa linaloburutwa, na katikati yake mtangazaji akapiga kelele jina la mume wangu. Kalunga. Kalunga. Mama Furaha akaruka kitini.

"Tumefunga," akasema. "Sifa, tia yai."

Sasa mtu atauliza ni vipi wanawake watatu wenye akili walikosea. Tulikosea kwa akili zetu. Mechi ilikuwa inachezwa kwenye uwanja wa nyumbani wa timu yetu, hilo tulilijua. Na huko tulikotoka, timu mgeni haiji na mashabiki, barabara haziruhusu. Wanafika wachezaji kumi na watano kwenye lori, na kila kelele inayosikika uwanjani ni ya wenyeji. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba katika jiji hili timu kubwa huwa na watu wake kila mahali, nao huweza kuujaza uwanja wa mwenyeji mpaka mwenyeji akakosa pa kukaa. Tulisikia furaha, tukajua ni yetu.

Bao la pili, jina la Kalunga tena. La tatu, tena. Odette akauliza kipa anatajwaje kila bao linapofungwa.

"Juu yeye ndiye anaanzisha," Mama Furaha akasema. "Anapiga mbali, wale wanamalizia tu. Weye shona nguo, mpira niachie mimi."

Odette akasema basi na yeye atamwambia Kalunga ampigie mbali mume wake. Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha mwisho akatoka kututazama. Kufikia mapumziko mayai yalikuwa manne. Kipindi cha pili kilipoanza mvua ya mabao ikaja kweli, na baada ya la sita Mama Furaha alishuka mbio kwenye spaza, kiduka cha chini, kununua mengine sita, akirudi anapumua kwa shida na kuuliza amekosa mangapi. Amekosa moja. Niliyatia mayai moja baada ya moja, nikijichoma vidole kwa mvuke, na kila lilipozama nililiona geti likifunguka zaidi. La tisa. La kumi. Watu wengine wa ghorofa walikuwa wamekusanyika. Dakika za mwisho nilikuwa nimeshika yai la kumi na mbili mkononi, limepata joto la kiganja, filimbi ikalia. Nililirudisha kwenye karatasi yake. Tumeshinda kumi na moja kwa bila. Hata vitani, alisema Mama Furaha, watu hawapigani hivi.

Alikuja saa kumi na mbili na robo. Nilizijua hatua zake tangu ghorofa ya tatu, na nilishangaa kwamba mshindi anapanda polepole namna ile. Kibaraza kikapiga vigelegele. Mama Furaha alimvisha kitenge begani na kumwambia kwamba amewatoa aibu Wakongo wote wa jengo hili. Kalunga alisimama katikati yao, begi mkononi, akawatazama, akaitazama redio, kisha kupitia nondo akayaona mayai kwenye bakuli. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Nani amechemsha?" akauliza.

"Mimi."

"Yote?"

"Yote. Moja limebaki bichi."

Akavua kamba shingoni, akafungua kufuli, akaingia, akaketi. Alilimenya yai la kwanza pole sana, bila kulitia kovu kwa kidole, akanipa. Kisha akawamenyea majirani, mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja. Mama Furaha alimwomba asimulie bao la tisa, akasema lilikuwa zuri, mpira wa juu, kona ya kulia, hakuna kipa duniani angeudaka. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata hilo alilisema kweli. Mama alikula mayai mawili na sahani nzima ya bukari. Watu walipokwisha kuondoka, Kalunga akayakusanya maganda mezani kwa ukingo wa kiganja, akayatia bakulini, akasema bila kuniangalia:

"Sifa, mayai haya ni ya watu wengine. Mabao yaliingia kwangu. Yote."

Nilichomjibu nimekiandika mara mbili na kukifuta mara mbili. Leo nakiacha. Nilisema: "Siku mia moja arobaini na mbili nimekaa humu, kumbe namngojea mtu wa kufungwa kumi na moja."

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, kutoka tarehe 26 Machi, nikiihesabu siku ya kwanza na ya mwisho. Hakubishana nayo. Aliuweka ufunguo ndani ya bakuli, juu ya maganda, na kando yake akaweka karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya plastiki. Akasema ufunguo ni wangu, na kwamba kesho nikitoka nisisahau karatasi, polisi wakinisimamisha niwaonyeshe. Kisha akalala, na mimi nikabaki nikimtazama mgongo. Nilifahamu, kwa namna mwanamke mwenye miaka ishirini anavyofahamu mambo, kwamba mtu aliyeshindwa kabisa huacha hata vitu alivyokuwa akivilinda.

Jumapili, tarehe 15 Agosti, nililifungua geti kwa mkono wangu. Nilikaa kizingitini karibu nusu saa. Kisha nikashuka ghorofa sita nikishika ukuta, kwa kuwa miguu ilikuwa imesahau ngazi, nikavuka barabara bila kujua kusoma robot, kama waitavyo hapa taa za barabarani, magari yakinipigia honi, nikaketi bustanini karibu na wale wazee wa sataranji. Kwa mara ya kwanza niliziona nyuso zao. Nilipotazama juu nililitambua dirisha letu kwa rangi iliyoligandisha, na ndani yake kulikuwa na mtu amesimama. Sikumpungia mkono.

Ijumaa ya tarehe 27 polisi wawili walinisimamisha karibu na stesheni. Nilitoa karatasi. Mmoja aliisoma, akakunja uso, akasoma tena, akamwonyesha mwenzake mahali fulani kwa kidole. Akaniuliza kwa Kiingereza kama Kalunga ndiye mume wangu. Nilielewa jina tu, nikaitikia kwa kichwa. Akaniinulia vidole vyote kumi, akavikunja, akainua kimoja. Wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yule mkubwa alifuta machozi, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mfiwa kitu, akaniambia niende. Niliokolewa na aibu yetu. Jioni nilimuuliza Kalunga karatasi ile imeandikwa nini, akakiri kwamba ni barua ya timu, inayotaja jina langu. Nikamuuliza walimpaje barua baada ya mabao kumi na moja.

"Walinionea huruma," alisema.

Hilo ndilo nililoishi nalo. Timu haikumpanga tena. Mwishoni mwa msimu walimwacha, akaenda kulinda ofisi za watu Randburg kwa miaka ishirini na mitatu, na jengo zima, kisha mtaa mzima, wakamwita Leveni, kumi na moja kwa hesabu ya Kiingereza. Aliitika. Mimi sikuitika hata mara moja nilipoitwa mke wa Leveni. Niliandikishwa ofisini tarehe 4 Oktoba, nikaanza kusuka na Mama Furaha, nikamzaa Neema mwaka 2001, nikaenda shule ya watu wazima, na popote nilipoulizwa nilisema nilijitoa mwenyewe, kwa kuwa kutolewa kwa huruma ya watu sikuweza kukutamka. Ndivyo pia ilivyoandikwa katika ile sura iliyo kwenye bahasha: kwamba mume wangu alishindwa, na mimi nikachukua ufunguo. Mei 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yalipoanza Alexandra na tukahitaji tena kuwa chumba kisicho na mtu, kufuli ni lilelile, na aliyelifunga kutoka nje alikuwa Mama Furaha. Ufunguo niliushika mimi. Kalunga alikaa karibu nami gizani, siku tatu, hakuuomba.

Shomari alikuja Jumapili ya tarehe 30 Machi, saa tisa na dakika tano, na mfuko wa machungwa. Neema alitupikia chai, akaketi kitini kando na simu yake, kama watoto wetu waliozaliwa hapa wanavyofanya, wakisikia Kiswahili na kujibu kwa lugha nyingine. Nilimweleza Shomari habari ya kufuli, moshi na ahadi. Alisikiliza akiwa ameinama. Nilipomaliza akasema kumbe ndiyo maana.

Akanisimulia. Katikati ya Julai, Kalunga alimwendea meneja wa timu akamwambia hawezi kungoja msimu uishe, anaihitaji barua sasa. Shomari alikuwapo, ndiye aliyetafsiri. Meneja alikuwa mtu mgumu lakini wa neno lake. Akasema kipa ni mtu wa dakika tisini: acheze mechi tatu, zote kamili, asitolewe hata moja, ndipo atamwandikia. Mbili zilikuwa zimepita salama. Ya tatu ilikuwa ile ya kombe, na wiki ile homa ililaza wachezaji saba wa kikosi cha kwanza. Waliingia uwanjani na walinzi wawili ambao hawajawahi kucheza pamoja.

"Mapumziko tuko nne bila," Shomari alisema. "Kocha akamwambia, Kalunga, kaa, aingie mwenzako, hili si kosa lako. Alitaka kumwokoa, wallahi. Kwa sababu sote tuliona itakuwaje. Yule bwana wako akasema, bado dakika arobaini na tano. Kocha akamwambia watakuvunja jina. Akasema, bado dakika arobaini na tano. Akatoka wa kwanza, akaenda lango la pili, akaufunga ufunguo wavuni. Nami ndiye niliyekuwa naokota mipira, shemeji. Mara saba nilikwenda mule ndani, na mara saba niliuona unaning'inia. Filimbi ilipolia aliufungua, akauvaa, akaenda moja kwa moja kwa meneja akanyoosha mkono. Barua ilikuwa imekwisha kuchapwa, imo mkobani. Meneja alikuwa na hasira ya kuua mtu. Alitia saini."

Nikamuuliza Shomari kwa nini basi Kalunga aliniambia walimwonea huruma. Akasema hajui. Kisha akasema pengine aliona mabao yale yanamtosha mtu mmoja kuyabeba.

Sikulia mbele yake; nilimwongezea chai. Alipoondoka niliingia jikoni na sufuria ile niliyovuka nayo mipaka, nikachemsha mayai saba. Mabao manne ya kwanza sikuyahesabu, hayo wapinzani waliyafunga kihalali. Nililimenya yai moja polepole, nikijitahidi nisilitie kovu, na kwa kuwa desturi inataka lipewe aliyepika, nililila mwenyewe, nimesimama, na kamba ya kiatu imezunguka vidole vyangu. Neema alikuja mlangoni akatazama bakuli. Alikuwa amesikia mazungumzo yote, nusu akielewa, na mara hii aliniuliza kwa Kiswahili, akichagua maneno moja moja, mayai haya ni ya nini. Nikamweleza desturi ya kwetu: yai moja kwa kila bao alilofunga mume. Akahesabu. Akasema baba alikuwa kipa, alifunga lini mabao saba?

Nikamwambia: tarehe 14 Agosti 1999, kipindi cha pili.